Bei aliyoitaja Houdry: hataza ilipofungua mlango na ilipoufunga

Tarehe 19 Oktoba 1948 ofisi ya hataza ya Marekani (hataza ni haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi kwa muda ili wengine wasiutumie uvumbuzi wake bila ruhusa) ilitoa hati namba 2,451,804 kwa wahandisi wanne wa Standard Oil ya New Jersey: Donald Campbell, Homer Martin, Eger Murphree na Charles Tyson. Jina la uvumbuzi wenyewe halitaji mafuta wala petroli. Linasema tu kuwa ni njia na mtambo wa kukutanisha vitu vigumu na gesi. Asiyejua anaweza kudhani ni mashine ya kukaushia unga. Kumbe ndiyo hati ya mtambo ambao vizazi vyake, mpaka leo, vinatoa sehemu kubwa ya petroli inayochomwa na magari duniani.

Nimeisoma hati hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara swali ni lilelile: bila hataza, mtambo huu ungekuwepo? Watetezi wa hataza wanasema usingekuwepo. Wapinzani wao wanasema ungekuwepo, tena mapema na kwa bei nafuu. Nimejaribu kuwasikiliza wote kwa kupitia historia ya vichocheo vya mafuta, yaani vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia bila vyenyewe kuisha, kisha nikaiweka kando ya historia nyingine ya miaka ileile: ndege za shabaha, yaani ndege zilizoundwa ili zitunguliwe na askari wanaojifunza kulenga. Nchi ni moja, sheria ni moja, na hati ni za aina moja. Lakini upande mmoja hataza ilikuwa na meno, na upande wa pili ilikuwa kibogoyo. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Tuanze na kazi yenyewe. Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa molekuli fupi na ndefu. Ukiyachemsha na kuukusanya mvuke wake kwa ngazi za joto, unapata petroli ileile iliyokuwemo tangu ardhini. Hujaongeza hata tone. Sehemu nzito hubaki chini. Magari yalipozidi Marekani, sehemu hiyo nzito ikawa nyingi kuliko wanunuzi wake huku petroli ikipungua. Januari 1913 William Burton wa Standard Oil ya Indiana alipata hataza ya kuyavunjavunja yale mazito kwa joto na mgandamizo. Njia yake ilifaa, na kampuni ikaanza kutoza mrabaha, yaani malipo ya kutumia hataza yake.

Wengine hawakutaka kulipa, wakatafuta njia zao. Jesse Dubbs na mwanawe, aliyeitwa Carbon Petroleum Dubbs, walikuwa na ya kwao, iliyoshikwa na kampuni ya Universal Oil Products. Zikafuata kesi za miaka mingi, hadi kampuni kadhaa kubwa zikaamua kuziweka hataza zao kapu moja na kugawana mirabaha. Serikali ikazishtaki kwa kula njama dhidi ya ushindani. Mwaka 1931 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Louis Brandeis, ilisema kapu la namna hiyo si kosa kwa lenyewe. Huwa kosa pale wenyewe wanapolitumia kulishika soko. Mwaka huohuo kundi la kampuni za mafuta likainunua Universal kwa dola milioni 25. Waliokuwa wakidaiwa mrabaha wakamnunua mdai.

Naikumbusha hadithi hii kwa sababu inaharibu picha tuliyoizoea, ya mvumbuzi mmoja mnyonge na hati yake mkononi. Katika mafuta, kufikia miaka ya 1930, hataza ilikuwa tayari ni silaha ya majitu, na mgeni aliyekuja na wazo jipya alipaswa kupita katikati yao. Mgeni huyo alikuwa Eugène Houdry.

Houdry alikuwa Mfaransa, mhandisi wa mashine, mtoto wa mwenye kiwanda cha vyuma. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alipigana kwenye kikosi cha vifaru, akajeruhiwa mwaka 1917, akatunukiwa nishani. Baada ya vita alipenda mashindano ya magari, na huko akaona injini nzuri zinavyoshindwa kwa sababu ya petroli mbovu. Ufaransa haikuwa na mafuta yake. Akaanza kutafuta namna ya kutoa petroli kwenye lignaiti, makaa ya mawe duni ambayo nchi yake ilikuwa nayo. Kiwanda cha majaribio kilijengwa mwaka 1929. Hesabu hazikutoka, na serikali ikaondoa mkono. Lakini katika hangaika hiyo alikuwa amegundua kuwa udongo wa mfinyanzi uliotiwa asidi, ulioshiba silika na alumina, unaweza kuyavunja mafuta mazito na kutoa petroli bora kuliko ya Burton. Kichocheo kilikuwa udongo.

Wengine waliwahi kujaribu vichocheo. Almer McAfee wa kampuni ya Gulf alitumia kloridi ya alumini tangu 1915, lakini kichocheo chake kilipotea kwenye masalia na gharama ikawa haivumiliki. Shida ya udongo ilikuwa nyingine: unapofanya kazi unafunikwa na masizi magumu ya kaboni, na ndani ya muda mfupi haufai. Wengi waliishia hapo. Houdry akaona kwamba masizi yale yale ni kuni. Ukiyachoma kwa hewa, kichocheo kinarudi kuwa kizima, na joto linalotoka unalitumia kuendeleza kazi. Kwa maoni yangu, huo ndio uvumbuzi wenyewe, kuliko hata udongo.

Sasa mtazame mwaka 1930. Ana miaka 38, ametumia sehemu kubwa ya mali yake, na serikali yake haimtaki. Mikononi ana nini? Ana hataza. Kampuni ya Vacuum Oil ya Marekani ilimwalika, akahamia Paulsboro, New Jersey, na mwaka 1931 ikaundwa Houdry Process Corporation. Sun Oil ikajiunga miaka miwili baadaye. Bila hati zile angeingia chumba cha mazungumzo kama fundi wa kuajiriwa. Aliingia kama mshirika. Watetezi wa hataza wana hoja nzito hapa, na sijaona mtu aliyeijibu sawasawa: mvumbuzi asiye na kiwanda hana kingine cha kuweka mezani. Akisema wazo lake, limekwenda. Akinyamaza, hakuna atakayemwamini.

Machi 1937 Sun Oil iliwasha mtambo mkubwa wa Houdry kwenye kiwanda chake cha Marcus Hook, Pennsylvania. Ulikuwa na mitungi ya chuma iliyopangwa pamoja, kila mmoja umejaa vidonge vya udongo visivyotoka mahali pake. Mvuke wa mafuta uliingia mtungi wa kwanza kwa dakika kumi hivi, ukafungwa, mabaki yakafukuzwa, kisha hewa ikaingia kuchoma masizi. Wakati huo mtungi wa pili ndio ulio kazini, na wa tatu unasafishwa. Vali kubwa zilijifungua na kujifunga zenyewe kwa saa, zamu kwa zamu, usiku na mchana, na chumvi iliyoyeyushwa ilizunguka kwenye mabomba ya ndani kuchukua joto la ziada. Vali moja ikigoma, mafuta na hewa vinakutana palipo na moto. Karibu nusu ya mafuta mazito yaliyoingia ilitoka kuwa petroli ya oktani ya juu, yaani inayostahimili mgandamizo wa injini bila kulipuka kabla ya wakati wake. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona kitu kama hicho kwa kiwango hicho.

Kila kampuni ikakitaka. Hapo ndipo inapokuja bei. Standard Oil ya New Jersey ilipouliza leseni, kiasi kilichotajwa, kama historia za sekta hii zinavyosimulia, kilikuwa kama dola milioni 50. Kwa fedha za miaka ile ni mara mbili ya bei iliyoinunua Universal nzima. Standard ikakataa. Mwaka 1938 ikaungana na wenzake, wakiwemo Standard ya Indiana, kampuni ya uhandisi ya M. W. Kellogg na kampuni ya kemikali ya IG Farben ya Ujerumani, wakaunda Catalytic Research Associates. Baadaye wakaingia Shell, Texaco, Anglo-Iranian na Universal yenyewe. Lengo lilikuwa moja na halikufichwa: kuvunja mafuta kwa kichocheo bila kuigusa hataza ya Houdry.

Ukizuiwa mtungi ambao kichocheo kimetulia ndani yake, unafanya nini? Unakitembeza kichocheo. Warren Lewis na Edwin Gilliland wa chuo cha MIT walipendekeza kichocheo kisagwe kiwe unga. Ukipuliza hewa kwa kasi ya kadiri chini ya unga laini, unga haupeperuki. Unavimba, unatokota kama uji jikoni, na ukiutobolea njia unatiririka na kutafuta usawa wake kama maji. Basi unga huo unaweza kushuka kwa bomba, ukakutana na mafuta, ukafunikwa masizi, ukaenda mtungi wa pili kuchomwa, ukarudi ukiwa wa moto tayari kwa kazi, bila kusimama na bila zile vali za zamu. Joto la kuchoma masizi linasafiri ndani ya unga wenyewe, na chumvi iliyoyeyushwa haihitajiki tena. Wale wahandisi wanne waliomba hataza Desemba 1940, na tarehe 25 Mei 1942 mtambo wa kwanza ukaanza kazi Baton Rouge, Louisiana. Baada ya hapo mtungi wa Houdry uliotulia ulikuwa unahesabu siku zake.

Watetezi wa hataza huipenda sana sehemu hii. Tazama, wanasema, uzio uliwalazimisha watu watafute njia nyingine, na njia nyingine ikawa bora kuliko ya kwanza. Ni kweli. Ningekuwa mwongo kusema vinginevyo. Kama Houdry angetoa leseni kwa bei ya kuvumilika, Standard ingenunua, ingejenga mitungi ya Marcus Hook kila mahali, na huenda unga unaotiririka ungengoja miaka kumi zaidi.

Lakini hoja hiyo ina upande wanaoupita haraka. Nani aliyeweza kuzunguka uzio? Ni kundi la kampuni kubwa kabisa duniani zilizochanga fedha na wanasayansi wao. Mwenye kiwanda kidogo cha Kansas au Oklahoma hakuwa na uwezo huo. Yeye alibaki na mambo mawili: alipe, au aendelee kuuza petroli duni mpaka jirani amfukuze sokoni. Kusema kuwa bei kubwa ilizaa uvumbuzi ni kusema habari za waliokuwa na uwezo wa kuikwepa tu. Tena kundi lililoikwepa hataza ya Houdry halikuacha mlango wazi nyuma yake. Liliweka uzio wake, kwa hati yenye jina pana kiasi cha kugusa karibu kila mtambo wa unga na gesi.

Na vita vikaonyesha jambo ambalo wakati wa amani lingebishaniwa. Ndege za kivita zilihitaji petroli ya oktani 100, na mitambo ya Houdry ndiyo iliyokuwa tayari Marekani ilipoingia vitani. Sehemu kubwa kabisa ya mafuta ya ndege yaliyovunjwa kwa kichocheo mwanzoni ilitoka humo. Mahitaji yalipozidi, serikali ikazileta kampuni pamoja zibadilishane ujuzi. Machi 1942 Standard ya New Jersey, iliyokuwa imeandamwa kwa makubaliano yake ya kugawana hataza na IG Farben, hasa katika mpira wa kutengenezwa, ilikubali kulipa faini ya dola 50,000 na kuziachia hataza husika zitumike bila mrabaha wakati wote wa vita. Viwanda havikufa. Wahandisi hawakuacha kuvumbua. Mpinzani wa hataza akiniuliza ushahidi wake uko wapi, namwelekeza hapa: kwa miaka kadhaa uzio ulilazwa chini, na kasi ikaongezeka.

Hata hivyo simpi ushindi kamili. Kilichosukuma kazi miaka ile ni kwamba mnunuzi alikuwa mmoja, mwenye fedha zisizo na mwisho, na aliyekuwa tayari kulipia mtambo kabla haujathibitishwa. Ondoa mnunuzi huyo, na sijui nani angetia fedha Baton Rouge. Mwaka 1944 wenye Universal waliamua kuikabidhi kampuni hiyo iwe amana kwa faida ya Jumuiya ya Kemia ya Marekani, ili mapato yake yagharamie utafiti. Kwa hiyo kwa miaka mingi mrabaha wa wasafisha mafuta ulikuwa unasomesha wanakemia vijana. Humohumo Universal, Vladimir Haensel aligundua namna ya kutumia platini kwa kiasi kidogo mno, sehemu ndogo ya asilimia moja, kuboresha petroli, na mtambo wa kwanza ukaanza Michigan mwaka 1949. Hataza iliyolipa utafiti uliozaa hataza: sioni njia ya kuueleza mzunguko huo kama wizi.

Vivyo hivyo Charles Plank na Edward Rosinski wa Mobil, ambao Julai 1964 walipewa hataza ya kichocheo cha zeolaiti. Zeolaiti ni fuwele yenye vijitundu vya ukubwa mmoja, hivyo molekuli huvunjika kwa mpangilio, na pipa lilelile la mafuta likatoa petroli zaidi. Hati iliandikwa kwa majina yao, lakini mali ilikuwa ya mwajiri. Ndivyo ilivyo kwa karibu kila hataza ya vichocheo tangu wakati huo. Anayetetea hataza kwa kumtaja mvumbuzi mnyonge anapaswa kukubali kuwa Houdry alikuwa wa mwisho mwisho wa aina yake.

Twende sasa upande wa anga, ambako mambo yalikwenda vingine.

Kabla ya ndege za shabaha, askari wa mizinga walifyatulia mfuko mrefu wa kitambaa uliovutwa kwa kamba nyuma ya ndege yenye rubani. Ili kujua nani amepiga, risasi za kila mpigaji zilichovywa rangi yake. Mfuko ukishushwa chini, watu wanainama kuhesabu matundu yenye doa jekundu, la kijani, la bluu. Kazi ya kuvuta shabaha Marekani walipewa pia marubani wanawake wa kikosi cha WASP, kama kule Camp Davis, North Carolina, mwaka 1943. Kamba ilikuwa ndefu, lakini mpigaji ni mwanafunzi, na aliye ndani ya ndege ni binadamu.

Uingereza ilipata njia mwaka 1935: ndege ya de Havilland iliyoendeshwa kwa redio bila rubani, ikaitwa Queen Bee, malkia wa nyuki. Huko ndiko linakotajwa sana kuwa lilitoka jina la droni, kwani kwa Kiingereza nyuki dume huitwa hivyo. Marekani, mwigizaji wa sinema Reginald Denny, Mwingereza aliyewahi kutumika katika kikosi cha ndege vitani, alikuwa na duka la ndege za kuchezea Hollywood. Mwaka 1938 alinunua muundo wa ndege ya redio kutoka kwa Walter Righter, na mwaka 1940 jeshi la nchi kavu likaagiza. Ndege hiyo, OQ-2, ilikuwa na upana wa mabawa usiofika mita 4, injini ya nguvu farasi 6, ilirushwa kwa manati na kushuka kwa mwavuli. Karibu 15,000 za aina hiyo na ndugu zake zilitengenezwa wakati wa vita.

Denny na Righter hawakuwa maskini wa mawazo, na hataza zimeandikwa nyingi katika eneo hili: namna ya kuachia mwavuli, shabaha za povu zenye kioo cha kurudisha mawimbi ya rada, vifaa vya kupima risasi imepita mbali kiasi gani. Lakini uliza: hataza hizo zilimzuia nani? Nchini Marekani, tangu sheria ya mwaka 1910 iliyopanuliwa 1918, serikali inaweza kutumia uvumbuzi wowote wenye hataza bila kuomba ruhusa, na hata mkandarasi anayeitengenezea. Mwenye hataza hawezi kusimamisha kazi. Anaweza tu kwenda mahakamani kudai fidia. Sasa kama mnunuzi wa ndege za shabaha ni jeshi pekee, na jeshi halizuiliki, hati yako ni risiti ya madai. Haikupi nguvu ya kutaja bei kama aliyokuwa nayo Houdry. Denny alipata fedha zake kwa zabuni, kwa kutengeneza nyingi na haraka. Mwaka 1952 Northrop iliponunua kampuni yake, ilinunua kiwanda, mafundi na mikataba.

Kuna jambo la pili, na hili linanisumbua zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1951 inairuhusu serikali kuizuia hataza isitolewe na maelezo yake yasichapishwe, ikionekana yanahatarisha usalama wa taifa. Amri za namna hiyo zinazoendelea kutumika ni zaidi ya 5,000. Hapo mapatano ya hataza yanavunjika. Msingi wake ni kwamba mvumbuzi anaufunulia umma siri yake, na umma unamlinda kwa muda. Mvumbuzi aliyefungwa mdomo hana ulinzi na hana uhuru wa kuuza. Na umma haujapata maelezo. Mtetezi wa amri hizo atasema, na sawa kabisa, kuwa si kila kitu cha kijeshi kiwekwe hadharani. Ryan Firebee, ndege ya shabaha ya mwaka 1951, ndiyo iliyobadilishwa baadaye kuwa ndege ya upelelezi juu ya Vietnam na China. Mstari kati ya kinachotunguliwa na kinachotungua ni mwembamba. Nakubali. Ila basi tusiuite mfumo huo wa hataza. Ni utaratibu wa manunuzi ya jeshi uliovaa nguo za hataza.

Kwa hiyo mimi ninavyoona, ubishi wa kama hataza ni nzuri au mbaya unakosa kitu cha kwanza cha kuuliza: wanunuzi ni wangapi, na wanaweza kusubiri? Petroli ilikuwa na wanunuzi wengi walioshindana, kila mmoja akiogopa mwenzake atatangulia. Ndiyo maana hati ya Houdry ilikuwa na thamani ya dola milioni 50, na ndiyo maana ilihitaji kudhibitiwa. Shabaha zilikuwa na mnunuzi mmoja mwenye sheria mkononi.

Na sisi je? Tuliokulia upande wa Changamwe tunaukumbuka ule mwenge wa kiwanda cha kusafisha mafuta, uliokuwa ukiwaka juu ya Mombasa. Kiwanda kilianza mwaka 1963 na kikasimama 2013. Miaka yote hiyo hakikuwa na mtambo wa kuvunja mafuta mazito kwa kichocheo. Kilitenga kilichomo, kikaboresha petroli kidogo, na mafuta mazito yakabaki mengi mno kwa soko lililotaka petroli na dizeli. Mara nyingi nimesikia ikisemwa barazani kwamba wazungu walitunyima teknolojia kwa hataza zao. Tuhesabu. Hati ya 1948 ilikuwa na uhai wa miaka 17 tangu kutolewa. Ilikufa 1965, miaka miwili tu baada ya Changamwe kuwashwa. Tena hataza ya Marekani haina nguvu Kenya wala Tanzania isiposajiliwa huku. Kwa karibu nusu karne, hakuna sheria iliyotukataza kujenga mtambo wa Baton Rouge.

Kilichokosekana ni fedha, kwanza. Mpango wa kukiboresha kiwanda ulihitaji zaidi ya dola bilioni 1, na mwekezaji wa Kihindi, Essar, alijitoa. Cha pili ni kile kisichoandikwa kwenye hataza. Ukisoma hati za vichocheo utakuta vipimo vya upana wa ajabu, kati ya hiki na kile, na mifano iliyochaguliwa kwa uangalifu. Unga ukauke kwa joto gani usipasuke, vali isilike na unga kwa miezi mingapi, mafuta yenye nikeli na vanadi yatakiua kichocheo kwa kasi gani: hayo yanauzwa kwa mkataba tofauti, pamoja na dhamana na wahandisi wa kuja kukaa nawe. Kwa lugha ya biashara ni ujuzi wa siri, na hauna tarehe ya kufa. Mtetezi wa hataza akidai umma hupata maelezo, hapa ndipo ninapomkatalia. Umma hupata nusu.

Jambo hili si la kale. Uganda inapanga kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku kule Hoima, na mafuta yake yana nta nyingi kiasi kwamba bomba la kilomita 1,443 hadi Tanga inabidi lipashwe moto njia nzima. Watakaokaa mezani na watoa leseni watahitaji mtu aliyesoma hataza zilizokufa, ili wajue kipi ni mali ya wote na kipi wanakilipia kwa haki. Sheria za Kenya na Tanzania zinaipa serikali nafasi ya kutumia uvumbuzi wenye hataza kwa maslahi ya umma, na nchi maskini kabisa, zikiwemo Tanzania na Uganda, zimeongezewa muda hadi 2034 kabla ya kubanwa na masharti ya biashara ya dunia kuhusu hataza. Nguvu hizo ni za kweli. Lakini zinaondoa uzio ambao kwa sehemu kubwa haupo, na hazimlazimishi mtu kukufundisha asichokiandika.

Ningekuwa mjumbe kwenye mkataba huo ningeng'ang'ania vifungu vya mafunzo kuliko asilimia ya mrabaha: wahandisi wetu wangapi wataingia chumba cha uendeshaji, kwa miaka mingapi, na daftari za uendeshaji zitabaki kwa nani mtoa leseni akiondoka. Mrabaha ukipungua kwa nukta moja, waziri anatangaza ushindi. Daftari zikibaki, fundi wa Hoima mwaka wa kumi ataweza kuandika hataza yake mwenyewe, na kuipeleka ofisi za ARIPO, shirika la nchi za Afrika linalosajili hataza, kule Harare akiwa na kitu cha kuweka mezani.

Upande wa anga kuna mfano ulio karibu zaidi. Tangu 2016, kule Muhanga, Rwanda, ndege ndogo zisizo na rubani za kampuni ya Zipline hurushwa kwa manati na kudondosha damu ya hospitali kwa mwavuli. Manati na mwavuli ni vifaa vilevile vya OQ-2 ya 1940, vilivyokwisha kuwa mali ya yeyote. Kampuni ina hataza zake juu ya kilicho kipya, na ni haki yake. Sehemu ya zamani haimdai mtu kitu, wala Kigali, wala Dodoma, wala Nairobi.